Mgeni Chini ya Vigae

Katika miaka ishirini na sita ya kazi, fundi hakuwahi kuitwa arudi kurekebisha. Hata mara moja. Vigae vya wenzake viliinuka, vikalia kama sufuria tupu ukivikanyaga, vikamomonyoka pembeni. Vya kwake, egesha gari juu, weka tangi la maji, cheza ngoma ukitaka, vimetulia tu. Na alilisema hilo popote alipokaa, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mkewe, Mama Pacha, alishachoka kulisikia. "Haya bwana, tumesikia," alimwambia. "Sasa huu uwanja wetu wa vumbi utautengeneza lini?"

Hapo alimgusa penyewe. Maana nyumba ya fundi, fundi mwenyewe anayesifiwa mji mzima, ilikuwa na uwanja wa udongo. Wateja waliomfuata nyumbani waliingia na viatu safi wakatoka na viatu vyekundu, na hawakukosa la kusema. "Fundi, kwani hapa kwako hupaoni?" Alicheka nao, lakini ilimchoma.

Katika uwanja ule, hatua sita kutoka bombani, palikuwa na duara la mawe. Ndani ya duara, kwa miezi mingi ya mwaka, hapakuwa na kitu. Udongo mtupu. Mtu asiyejua angedhani paka kazikwa hapo. Ila chini ya udongo huo alikuwa amelala Mgeni.

Mgeni ni ua. Lile la kitunguu, linaloishi miaka na miaka, linalotoa mpira mwekundu wa nyuzinyuzi mkubwa kama kichwa cha mtoto. Jina lake la dukani fundi hakulijua na hakulitafuta. Mama yao, fundi na dada yake, ndiye aliyelibatiza Mgeni, kwa tabia zake. Kiangazi kikikolea linanyauka lote, majani yanalala chini, halibaki hata shina, na wala halikuagi. Mvua za kwanza zikishapiga, siku ya tano, siku ya sita, unafungua mlango unalikuta limesimama uwanjani bila hodi. Tena linatanguliza ua, majani yanakuja baadaye. "Huyu anatangulia na nguo zake nzuri," mama alikuwa akisema, "mizigo inafuata nyuma." Shina lake lilikuwa na madoadoa ya zambarau, na kwa madoa hayo mama angelitambua ua lake hata ukilichanganya na mengine mia.

Mama alikuwa na masharti yake pia. Mgeni akilala usimwagie maji, ataoza. Usimchimbe eti unaangalia kama yupo, yupo. Na usiwe na haraka ya kuvitenganisha vitunguu vyake, kwa sababu vinapenda kubanana. Ukikitenga kimoja peke yake kinanuna, mwaka mzima hakikupi kitu. Mama alipenda kulisema hilo la mwisho huku akiwatazama wanawe wawili wakigombania mto wa kulalia.

Mama alifariki fundi akiwa na miaka saba, na dada yake kumi na tisa. Wenye nyumba walipoitaka nyumba yao, Dada alitoka na mdogo wake mkono mmoja, na mkono wa pili ndoo ya bati yenye vitunguu vya Mgeni. Watu walimshangaa. Masufuria umeacha, unabeba udongo? Yeye akaenda zake. Akapata kazi ya kufua shuka za hospitali, akamlea yule mtoto kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni, akamsomesha mpaka pale uwezo ulipoishia, kisha akamtafutia mzee wa vigae wa kumfundisha kazi. Alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, na jina hilo lilikuwa mali ya Dada peke yake. Mama Pacha alilijaribu mara moja siku za mwanzo za ndoa. Fundi alimkazia macho mpaka akaangua kicheko, na hakulirudia tena.

Fundi alipojenga, Dada alikuja na ndoo ileile, ndani yake nusu ya Mgeni. Alichimba mwenyewe, akapanda mwenyewe, akapanga mawe mwenyewe. "Nimekugawia," alisema akijifuta mikono kwenye kanga. "Sasa tuone wa nani atawahi."

Ndipo ulipoanza mchezo wao. Kila mwaka, atakayemwona Mgeni kwanza anampigia mwenzake simu, haulizi hali wala habari, anasema tu, "Mgeni kafika!" Na aliyeshindwa anafunga safari kwenda kumtazama kwa mwenzake kabla ua halijanyauka, yaani ana siku kumi tu za kujipanga. Watu wazima hao, jamani! Mmoja ana wajukuu, mwingine ana mapacha wenye ndevu, wanashindana kwa simu kwa ajili ya ua. Lakini ukiondoa misiba, hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee katika mwaka walipokaa wawili mchana kutwa, wakanywa chai, wakamsema mama yao bila mmoja kulia.

Basi mwaka mmoja, kiangazi, Mama Pacha akaenda kumuuguza mama yake kwa wiki moja. Fundi alikuwa na vigae vya kijivu alivyoachiwa na mteja, vizuri, vizito, vya kutosha uwanja mzima. Akaona amshtukize mkewe. Siku ya kwanza alisawazisha ardhi. Siku ya pili alitandaza wavu wa chuma na kufunga kamba zake kutoka ukuta hadi ukuta. Siku ya tatu asubuhi, zege likiwa tayari kwenye toroli, akafika kwenye duara la mawe.

Tuseme ukweli hapa, maana baadaye yeye mwenyewe alijaribu kuusema vingine. Hakusahau. Wala hakudhani ua limekufa. Alisimama na mwiko mkononi akalitazama lile duara, akapiga hesabu. Kuliacha kungemlazimu akate vigae kumi na vinne, tena katikati ya uwanja, mahali ambapo jicho la kila anayeingia getini lingetua kwanza. Kwa fundi yule, kigae cha kukatwa unakificha ukutani, pembeni, nyuma ya mlango. Katikati ya uwanja ni aibu. Basi avichimbe vitunguu avihamishie nyuma ya nyumba? Ardhi ilikuwa ngumu, jua limewaka, na zege lilikuwa linaanza kukaza. Robo saa ingetosha. Robo saa tu! Akajiambia mvua bado sana, nitakuja kutoboa. Akayasukuma mawe kwa mguu, akamwaga.

Mama Pacha aliporudi alisimama getini akashika mdomo. "Loo! Leo nimeolewa upya!" Akazunguka uwanja mzima, akajaribu kuteleza kwa kisigino, akacheka. Kisha akasimama karibu na bomba.

"Na Mgeni yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

Fundi akatazama chini.

"Baba Pacha. Umemfunika mwenzio kalala?"

"Nitatoboa kabla ya mvua."

"Mpigie Dada umwambie."

"Nitampigia."

"Leo."

"Jamani, si nimesikia!"

Hakupiga. Na kutoboa sakafu nzuri vile, mkono haukumwendea. Leo kazi imembana, kesho tindo halijanolewa, kesho kutwa kuna mteja anakuja na haifai akute shimo. Mawingu yakajikusanya, mvua ikapiga, maji yakateleza juu ya vigae vizuri kabisa kuelekea mferejini, yeye akiyatazama dirishani. Siku ya sita simu ililia akiwa amepiga magoti bafuni kwa mteja.

"Mgeni kafika!" Dada alisema, na kwa kawaida hapo angekata. Siku hiyo hakukata. "Na kwako je?"

Hakuna aliyemshikia kisu. Angesema, Dada, nimefanya ujinga, nisaidie nifanyeje. Dada angemfokea mpaka simu ipate moto, angempa majina yote mabaya, kisha angemwambia chukua nyundo. Alimjua hivyo tangu utotoni: anafoka, anamaliza, anakupakulia chakula. Lakini mtu mzima huyu, mwenye mvi kichwani, aliogopa kufokewa.

"Kafika," alisema.

"Na kwako pia? Leo leo?"

"Leo asubuhi."

"Mangapi?"

"Saba."

"Saba! We Kitinda, unayalisha nini? Mimi nimepata manne tu!" Akacheka, na fundi akasikia jinsi alivyofurahi. "Mekundu?"

"Mekundu, Dada. Mekundu kama makaa. Moja limeinamia bomba, kama linataka kunywa."

Hilo la kuinamia bomba halikuwa na ulazima wowote. Lilimtoka tu, na Dada akasema kwa sauti ya chini, "Mama angeyaona."

Kwa kuwa Dada ndiye aliyepiga kwanza, fundi ndiye aliyesafiri. Akanywa chai, akalisifu ua, akarudi. Mwaka wa pili alikuwa na akili zaidi: Dada alipopiga, alisema wake bado, umenishinda. Mwaka wa tatu vilevile. "Wako siku hizi mvivu," Dada alimtania. "Au vimebanana sana? Nije tuvigawe?" Akamjibu aviache kwanza, vinapenda kubanana, si unajua. Mama Pacha alimkumbusha mwaka wa kwanza na wa pili, wa tatu akanyamaza. Fundi aliuchukua ukimya huo kama nafuu, mjinga yule.

Sasa mwaka wa nne, wiki moja kabla ya mvua, Jumatano, Dada akapiga simu bila Mgeni.

Alikuwa amestaafu. Alikuwa anahama vyumba vyake vya kupanga kwenda kukaa kwa binti yake, ambako kulikuwa na kijibustani mbele ya mlango. Lakini kabla hajahama, mwenye nyumba alileta watu wakachimba shimo la maji machafu, na wakalichimba palepale. Alipotoka kuagana na wenzake kazini alikuta udongo umepinduliwa na kuchukuliwa na lori. Akaokota vitunguu viwili, akavitia kwenye ndoo, akavificha chini ya ngazi vilale. Jirani akaviona, akamwonea huruma, akawa anavimwagia maji kila siku kwa moyo mweupe kabisa. Vikaoza.

"Nilikaa chini nikalia kama mtoto," Dada alisema. "Mimi, na umri huu! Halafu nikajiambia, aah, we mwanamke una wazimu? Unalia nini na vya Kitinda vipo? Saba!" Akacheka, na kicheko kilikuwa bado na kamasi. "Nakuja Jumamosi na ndoo. Nitachukua vitatu tu, vinavyobaki vyako. Sitaki kukupunja."

"Karibu, Dada," fundi alisema.

Karibu, Dada! Hilo ndilo alilolipata kinywani. Akaweka simu chini, akaangalia mikono yake.

Alhamisi alikwenda kwa mwanamke anayeuza miche kando ya barabara, mama mmoja mfupi mwenye glavu zilizochanika vidole. Alimweleza: ua la kitunguu, mpira mwekundu, shina lina madoa ya zambarau.

"Ya mpira mwekundu ninayo," mama wa miche alisema, "lakini shina la kijani tupu. Ya madoa ni ya zamani hayo, siku hizi siyaoni. Unamtakia nani?"

"Dada yangu. Anayajua."

"Basi usimpelekee haya, atakuumbua." Akamtazama. "Hayo ya madoa yalikwenda wapi?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na alimwambia mgeni wa barabarani. Mama wa miche alisikiliza huku akibonyeza udongo kwenye mfuko wa mche.

"Mwaka wa kwanza ungekuja ningekwambia nenda kavunje leo hii," alisema. "Kitunguu kina akiba yake, kinavumilia. Mwaka wa pili ningekwambia kajaribu. Lakini kila mvua ikipiga kinasikia, baba. Kinaamka. Kinajaribu kutoka, na kila kikijaribu kinakula akiba. Mvua tatu gizani..." Akaupanga mche wake pamoja na mingine. "Kwani ulikuwa unangoja nini?"

Fundi akaaga. Alirudi nyumbani kwa miguu, na karibu na kwake akasimama mbele ya nyumba ya jirani. Uwanja wa jirani uliwekwa vigae na fundi mmoja ovyo kabisa, aliyechanganya mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha. Vilishaachana. Nyasi zilikuwa zimejaa kwenye mianya, na pembeni kiua cha manjano kisichopandwa na mtu kilikuwa kimepasua kigae na kutoka nje, kizima kabisa. Miaka yote fundi alikuwa akiionyesha kazi ile kwa wateja, muone, msije mkafanyiwa hivi. Siku hiyo aliitazama kwa wivu. Laiti angekuwa fundi mbovu! Mgeni angeshatoka zamani, na yeye angeshafokewa, na yangeshakwisha.

Ijumaa alikuwa na siku nzima ya kuvunja. Alilitoa tindo, akalinoa, akaliweka juu ya kigae cha katikati, akalitazama, akalirudisha kwenye sanduku. Kama hajavunja, vitunguu bado vipo hai kichwani mwake. Mama Pacha alikuwa akianua nguo.

"Mimi sitamwambia," alisema bila kugeuka. "Nilishasema yangu siku ile ya kwanza. Huyu ni dada yako."

Jumamosi saa tatu asubuhi Dada akapiga hodi. Ndoo ya bati mkononi, ndani yake gunia lililoloweshwa na kukunjwa vizuri ili vitunguu visiumie njiani. Alikuwa amenyoosha nywele zake za mvi na kuvaa gauni la kutokea. Akaingia getini, akaona uwanja, akasimama.

Kisha akainama akavua viatu, asichafue.

"Kazi safi hii, Kitinda," alisema akitembea peku juu ya vigae. "Hukuniambia! Mgeni umemhamishia nyuma?"

Na hapo, hata hapo, uongo ulimjia fundi mdomoni ukiwa umeshapikwa: ndiyo, nyuma, lakini panya walivila mwezi uliopita. Ungekubalika. Dada angelia, angewalaani panya, wangekunywa chai. Aliuonja ulimini. Kisha akaiona miguu ile ya dada yake, iliyovimba kwa kusimama miaka arobaini mbele ya karai la shuka, peku juu ya kijivu.

"Hapana," alisema.

Dada akamtazama. Akaenda mpaka bombani, akageuka, akahesabu hatua sita, akasimama. Hakukosea hata kidogo.

"Alikuwa hapa."

"Ndiyo, Dada."

"Na sasa?"

"Yupo hapohapo."

"Tangu lini?"

"Mvua tatu zilizopita."

Midomo ya Dada ikatembea. Fundi alijua anahesabu nini, na alitamani ardhi impokee.

"Na yale saba?" Dada aliuliza. "Moja lililoinamia bomba?"

"Nisamehe, Dada."

"Nimeuliza."

"Hayakuwepo. Nilisema tu."

Mama Pacha alikuwa ametoka mlangoni, akarudi ndani. Dada aliipindua ndoo yake, akalitandaza lile gunia juu, akakaa. "Lete nyundo," alisema.

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Kazi ile haikutaka kuvunjika. Fundi alipiga, tindo likaruka, akapiga tena, vipande vidogo vikamrukia usoni. Vigae vilikuwa vimeshikana na zege, zege limeshikana na wavu, kila kitu alichokijua kwa miaka ishirini na sita kilikuwa mle ndani kikimpinga. Jasho lilimtiririka na machozi yakapita humohumo. Alipofika kwenye udongo aliweka tindo pembeni, akapiga magoti, akaendelea kwa vidole.

Vitunguu vilikuwa pale, vimebanana, kama vilivyopandwa. Alikishika cha kwanza kikabonyea mkononi. Kilikuwa ganda tu, ndani unga. Cha pili vilevile. Lakini si hilo lililomfanya aache kuchimba. Kutoka kwenye kila kitunguu kulikuwa na shina. Vilikuwa vimeota. Mashina yalipanda juu, yakagonga zege, yakainama, yakaanza kutambaa kwa ubavu, meupe, membamba, yakitafuta ukingo. Alilifuata refu kuliko yote, akivunja kigae baada ya kigae juu yake. Lilikuwa limekwenda kuelekea mfereji wa ukutani, mahali pekee ambapo vigae vinaishia na udongo unaona mwanga. Lilipita chini ya kigae cha kwanza, cha pili, cha tatu. Lilikauka likiwa limebakiza shubiri moja. Kwenye ncha yake kulikuwa na kichwa cha ua, kimefumba, kikubwa kama yai la kuku, na kwenye shina, ukifuta udongo, madoa bado yalionekana.

Dada aliinuka kwenye ndoo. Akachuchumaa kando ya shimo, akayagusa mashina moja moja kwa kidole, akihesabu.

"Manane," alisema. "Ulinipunja moja."

Fundi alimngoja afoke. Alimngoja kama alivyomngoja utotoni alipovunja kioo cha jirani, mabega yamepanda masikioni. Foka, Dada. Niite majina yote. Lakini Dada alilichukua lile shina refu pamoja na kichwa chake, akalifunga ndani ya gunia, akaliweka kwenye ndoo.

"Ua kufa ningelia, kisha ningenyamaza," alisema. "Hata kama ni mkono wako umeua. Nani hajawahi kukosea? Lakini ulinielezea rangi. Nilikaa na simu sikioni nikacheka peke yangu. Niliwasimulia wenzangu kazini, mdogo wangu kapata saba. Na hivi vilikuwa chini ya miguu yako vinatafuta njia. Ungeniambia siku ile ningekuja na ndoo kesho yake. Vilikuwa hai siku ile."

"Dada..."

"Vilikuwa hai."

Mama Pacha alileta chai. Dada alikunywa kikombe chote, kwa heshima ya aliyeileta, akaulizia mapacha, akaulizia mama mkwe. Kisha akaenda getini akavaa viatu vyake. Fundi alimfuata kuchukua ndoo amsindikize, Dada akaihamishia mkono wa pili.

"Nashukuru, fundi," alisema. "Nimeona. Kaa salama."

Fundi. Kama anavyosema mteja anayeondoka. Alimwangalia mpaka alipokata kona, akingoja ageuke aseme lile jina lingine, na Dada hakugeuka.

Shimo hakuliziba. Wateja walipouliza aliwaambia namngoja Mgeni, na hawakumwelewa. Mvua zikaja wiki iliyofuata, maji yakaingia shimoni, udongo ukafunga. Siku ya tano alitoka kabla ya chai akachungulia. Siku ya sita akachungulia tena, akapiga magoti, akaweka shavu karibu na tope. Hapakuwa na kitu. Simu ilikuwa mfukoni na haikulia, wala haingelia, kwa kuwa upande wa pili nako hapakuwa na Mgeni wa kutangaza.

Akapiga yeye.

"Dada," alisema, "Mgeni hajafika."

Alisikia pumzi, na nyuma ya pumzi mjukuu akicheza na maji.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia. Hakuna."

"Haya," Dada alisema. "Na kesho unipigie. Uniambie ulichokiona, si zaidi."

Kesho yake alipiga, hajafika. Kesho kutwa alipiga. Mvua za mwaka ule zilikaa wiki saba, na kila asubuhi ya wiki hizo saba fundi alitoka, akapiga magoti kwenye shimo lililo katikati ya kazi yake nzuri, akatazama udongo mtupu, akapiga simu, akasema kweli. Na kila asubuhi Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, fundi," akakata.